Siku Saba za Castory Kuinamisha Uso

Mkwe wangu Castory ni dalali wa mahindi pale soko la Kibaigwa. Hajui kutulia. Anaongea na simu mbili, huku anatafuna punje kupima ukavu, na macho yako kwenye lori la tatu. Niseme jicho, maana la kushoto lilikufa tangu utotoni.

Mwezi wa sita, hilo moja likashukiwa na kivuli kama pazia. Hospitali mjini Dodoma wakakuta utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Wakampasua, wakatia gesi humo ndani. Daktari akamweleza binti yangu Elieth kwamba gesi hupanda juu siku zote, kwa hiyo mgonjwa akiinama itaukandamiza ule utando mpaka ushike. Siku saba uso chini, kula na kulala. Akipuuza, atabaki kipofu.

Elieth anashinda ofisini. Akaniita kutoka Mkonze nikamwangalie mumewe kwao Miyuji.

Nilisita. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Miaka kumi na moja Castory amenijua kwa viatu. Nikamwomba Mungu, nikaweka kigoda changu barazani, nje ya mlango wake.

Siku ya kwanza nikasikia kitanda kinalia. Anainuka. Nikakohoa. Kitanda kikatulia.

Basi ikawa hivyo. Yeye akiinuka, mimi nakohoa.

Siku ya nne akaja Halfani, dalali mwenzake.

"Castory bwana, unatafuta nini huko chini? Umeangusha sindano?"

"Nimekatazwa kuinua uso."

"Kidogo tu nikuone! Hata mahututi husalimia watu."

Kitanda kikalia. Nikakohoa.

"Nani huyo?"

"Mama mkwe."

Halfani akashusha sauti. "Ana kifua?"

"Hana."

Siku ya saba nilikuwa nacho kweli, nikanywa tangawizi.

Gesi ilichukua wiki kadhaa kuisha, jicho likiwa limefunikwa. Siku ya kipimo nilimpeleka mimi, yeye kashika ncha moja ya fimbo, mimi nyingine. Daktari akamfungua jicho.

"Haya, unaona nini?"

"Naona dirisha. Naona kalenda." Akageuka. "Naona ma..." Akainamisha uso haraka. Na mimi nikainamisha wangu, machozi yananitoka.

"Sasa ruksa kuinua," daktari akasema.

Hakuna aliyeinua.

"Mama," Castory akasema taratibu, "hivyo viatu ni vipya."

Ni kweli. Nilivinunua wiki ile ile.