Asubuhi Niliyoiamini Pua

Mvua ikinyesha Goma, mawe meusi ya volkano hutoa harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Harufu hiyo ikiingia dirishani mwili wangu wote hulegea, na ninarudi kuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya mbao upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa, kabla hatujahamia Mabanga. Ninasikia matone yakigonga bati na kudondoka kwenye pipa. Ninayaonja maji yale, yenye ukakasi kidogo wa majivu ya mlima, na ninahisi ubaridi wa jiwe chini ya nyayo. Muhula ule nilikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, tukisoma milango ya fahamu, kwa hiyo kila kilichonigusa nilikipa jina lake la darasani na kumsomea yeyote aliyekuwa karibu. Nilikuwa mtoto wa kuchosha, nakiri.

Mwalimu wetu alichora ubaoni kichwa kilichopasuliwa katikati kama papai. Alituonyesha mboni ya jicho inavyojifinya kwenye jua na kutanuka gizani. Alituonyesha kiwambo cha sikio kinavyotikisika na kuvitikisa vijifupa vitatu vilivyo nyuma yake, mpaka sauti ifike kwenye kile kijumba kilichojiviringa kama konokono. Wenzangu walipenda jicho. Mimi nilipenda pua. Alisema juu kabisa ndani yake kuna ngozi laini yenye unyevunyevu, na hapo nyuzi za fahamu zinakwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Chembe za kitu zikitua kwenye unyevu ule, ubongo unapata habari: ndizi imeiva, samaki ameoza, nyumba inaungua. Pua, alisema, ni sentineli wa mwili, kama yule mlinzi anayelala langoni mwa watu wenye mali. Niliamini kila neno. Wiki nzima nilizunguka nikinusa kitenge cha Mama, chenye moshi na sabuni, na utosi wa mdogo wangu Bahati, uliokuwa na harufu ya mahindi ya kuchoma. Alikuwa na miaka mitano na alinifuata popote.

Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la mawe, pana, lenye kina cha kimo cha mtu mzima. Majani ya humo yalikuwa mabichi kuliko ya kwingine kote, na ndiyo tuliyowakatia sungura wetu. Lakini humo ndimo mlimolala mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito, inayojikusanya chini kama maji, hasa asubuhi kusipokuwa na upepo. Mama alikuwa na sheria yake: hakuna kushuka mpaka jua lifike chini kabisa na upepo utikise majani, na ukishashuka, hakuna kuchuchumaa. Kila nyumba ya pale ilikuwa na sheria hiyo. Hakuna aliyetueleza sababu, na mimi, kichwa kimejaa chaki, nikaiona ni mambo ya watu wasiosoma.

Asubuhi moja ziwa lilikuwa limetulia, ukungu umelala juu yake, hata moshi wa majirani ulipanda wima. Tulisimama ukingoni na gunia letu. Nilinyoosha shingo, nikafumba macho, nikavuta hewa kwa madaha. Majani mabichi, umande, basi.

"Hakuna harufu yoyote," nilimwambia Bahati. "Shuka tu."

"Mama alisema tungojee jua."

"Mama hakusoma somo ya pua."

Akacheka, akashuka. Mimi nilibaki juu nikifungua kamba ya gunia. Nilipotazama tena alikuwa amelala ubavu kwenye majani, kiganja wazi, uso umetulia kabisa. Palikuwa pazuri pale, na uzuri ule ndio unaonitisha hadi leo. Hakuna kilichonuka, hakuna kilicholia, na ndege mmoja alikuwa akiimba kwenye mti wa jirani. Kwa muda nisioweza kuupima nilidhani ananitania. Kisha nikavuta pumzi, nikaibana, nikashuka, nikamshika kwapani na kumburuta juu. Nilimlaza juu ya mawe. Nilimpepea kwa gunia, nikampiga mashavu, nikamwita kwa sauti iliyomtoa Mama jikoni. Mwishowe alikohoa, akatapika, akaanza kulia, nami sijasikia tena maishani sauti tamu kama ile.

"Alishukaje?" Mama aliuliza.

"Alishuka mwenyewe."

Alitukumbatia wote wawili hadi nikakosa hewa. "Asante, mutoto yangu," aliniambia. "Umeniokolea mutoto." Jumapili alisimulia tukio hilo kanisani, na wamama walinishika kichwa mmoja mmoja. Niliona haya mpaka nikatamani kuwa mgonjwa. Bahati alinitazama tu, kidole mdomoni.

Mama alifariki akiamini hivyo. Siku hizi mashimo mengi ya upande ule yamejengewa nyumba, na yaliyobaki mengine yana vibao vyekundu vya onyo. Mimi mwenyewe ninafundisha shuleni Mapendo, ninachora kichwa kilekile, na nikifika kwenye pua huwaambia watoto kwamba kuna hewa isiyompa sentineli habari yoyote, na kwamba mama zao wanajua mambo ambayo ubao haujui. Sikuwahi kuwaambia nilikojifunzia. Wala Bahati sikumwambia, hadi Pasaka iliyopita alipokuja na watoto wake wawili. Walipotoka kucheza nilimweleza yote, nikiangalia meza.

Bahati akaniita yaya, jina letu la ndugu mkubwa, kama alivyoniita utotoni.

"Yaya, nilijuaka tangu siku ile. Ni wewe uliniambia nishuke."

"Sasa kwa nini hukumwambia Mama?"

"Angekupiga," alisema. "Na wewe ulikuwa unalia kunipita mimi."