Nilimkomoa Mapendo kwa Kuacha Kulipa

“Yaya, nilikukosea nini?”

Aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu kule Berea, chanuo bado limechomekwa kwenye nywele zake. Mimi, niliyewachosha wahadhiri kwa maswali mpaka nikapata shahada ya pili, nilimtazama tu. Na nikwambie ukweli: nilikuwa nafurahi!

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usihangaike kunitetea.

Mimi ni Mkenya. Baada ya masomo nilipata kazi ya utafiti hapa Johannesburg nikabaki. Mapendo ni msusi kutoka Goma. Tulikuwa tunapanga chumba kimoja, pazia katikati. Siku ya kwanza aliponiita yaya nilinuna, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto wa watu. Kumbe kwao ni dada mkubwa. Ndivyo tulivyoanza, kwa neno nililolielewa vibaya. Ningejua hapo hapo!

Nilitaka nyumba yangu. Kila nilikoomba niliambiwa jambo moja: una kazi, una shahada, lakini hujawahi kukopa, huna alama zozote za mkopo, hatukujui. Kampuni moja ndogo ya mikopo ilikuwa na njia. Unaweka akiba, inafungwa kama dhamana. Unakopa kiasi kilekile, unalipa kila mwezi, alama zinapanda, na ukimaliza akiba inafunguliwa.

“Yaani nikope pesa ambayo tayari iko mezani, niilipie riba, halafu niseme asante?” nilimwuliza Mapendo.

“Madame Kwa Nini ameanza!” akacheka. “Yaya, hapa Joburg kama hauna deni, hauko mutu. Kopa. Franga ya kuweka niko nayo.”

Pesa hiyo alikuwa nayo kweli. Alikuwa anaiweka kwa ajili ya kibanda chake mwenyewe cha kusukia, Fordsburg, aachane na mwenye saluni aliyekuwa akimkata nusu ya malipo ya kila kichwa. Makaratasi yake ya ukimbizi yalikuwa yanasubiri kuhuishwa, kwa hiyo kampuni ilimkataa kama mkopaji. Kama mdhamini ilimkubali mbio mbio.

Tukapatana: jina langu, akiba yake. Nikimaliza kulipa, akiba inamrudia, na mimi mwenye alama nzuri namkodishia kibanda kwa jina langu. Leo wewe, kesho mimi, kama chama cha kina mama nyumbani. Lakini kampuni ya mikopo si chama! Kwenye chama usipolipa, wanawake wanakuja kukaa sebuleni kwako na kuomba chai mpaka uone haya. Kampuni haiji kunywa chai. Inachukua.

Nililipa vizuri, miezi kadhaa. Alama zikaanza kuonekana. Mapendo akanipa namba ya dalali mmoja Mtanzania, mume wa mteja wake, naye akanionyesha nyumba Mayfair. Dirisha kubwa, jua mpaka jikoni! Nikalipa ada ya kuonyeshwa, nikarudi nikiwa nimeshaanza kuchagua mapazia. Baada ya siku chache nikampigia.

“Dada’angu, nyumba sikupi,” akasema. “Huyo mwenzio unayekaa naye kanipigia simu.”

“Kasema nini?”

“Muulize mwenyewe. Mimi usinichimbe.”

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemsikia Mapendo akiongea na simu bafuni, mlango umefungwa: “Papa, Mungu atakulipa. Unanisikia? Mungu atakulipa!” Papa ndivyo alivyokuwa akimwita yule dalali; nikajumlisha mwenyewe. Alikuwa akimshukuru kwa kuninyima nyumba! Kaniharibia ili nisihame, asibaki na kodi peke yake!

Mimi wa maswali sikumwuliza hata moja.

Nikaacha kulipa mkopo. Basi. Sikuiba, sikutukana, sikugusa hata kitana chake. Kampuni ikipiga simu, naizima. Nikapiga hesabu kama msomi: watachukua akiba yake, deni litafutika, mimi nitabaki safi. Kisasi cha bure! Kila nilipomwona akikunja noti za wateja nilijisemea moyoni, kusanya, mama, kusanya, kibanda utakiona ndotoni. Nilikuwa nampikia hadi chai. Utamu wake siwezi kuuficha: nililala vizuri siku zote hizo.

Siku walipoichukua akiba, ndipo aliposimama pale mlangoni na swali lake.

“Sema basi, yaya! Wewe wa maswali yote, leo umekosa mudomo?”

Nikaongeza sauti ya televisheni.

Hakupiga kelele, na hilo liliniudhi, nilitaka apige kelele. Alikusanya nywele zake za kusukia, sufuria yake na godoro lake, akaenda kwa jamaa zake. Pazia aliliacha. Nikabaki na chumba kizima, na kodi yote!

Nilipoomba nyumba nyingine nilikataliwa kabla sijamaliza kusema jina. Alama zangu zilikuwa mbaya kuliko nilipokuwa sina kabisa. Nikaenda kwenye ile kampuni ya mikopo nimewaka: deni si limelipwa? Mama mmoja wa dirishani akaniangalia kwa upole ulioniumiza.

“Akiba ya mdhamini imetulipa sisi pesa yetu,” akasema. “Jina lako haikulilipia.”

Eish! Hakuna mahali nilipowahi kuuliza hilo.

Lakini subiri. Siku moja kazini nikawa nalalamika kuhusu nyumba, na Mkenya mwenzangu akaacha kula.

“Mayfair? Dirisha kubwa, vigae vya kijani jikoni? Ati hata wewe ulilipa ya kuonyeshwa? Wueh! Hiyo nyumba ina mtu kitambo! Mwenyewe akienda kazi, huyo dalali anaionyesha watu tu akila ada zao.”

Nikakumbuka ile simu ya bafuni. Mungu atakulipa. Kiswahili chetu kinabariki na kulaani kwa maneno yaleyale, na mimi niliyekulia ndani yake nilisikia shukrani! Mapendo alikuwa amejua utapeli ule, bila shaka kwa mke wa dalali, maana kwenye kiti cha msusi hakuna siri. Alimpigia kumlaani kwa ajili yangu. Kwa nini hakuniambia? Nadhani aliona haya, kwa sababu namba alinipa yeye.

Nilikwenda Fordsburg, anakofanyia udalali wake, nikamwanika dalali mbele ya wateja wake. Mwizi! Tapeli! Watu wakasimama na mifuko yao. Nilitaka kumpasua. Yeye akasubiri nimalize.

“Mimi nimekula ada ya kuonyesha nyumba,” akasema. “Haya. Kibanda cha mwenzio nani kakila?”

Namchukia mwanamume yule kwa sababu siwezi kumkosoa.

Mapendo sijampata. Namba imekufa. Wengine wanasema yuko Durban, wengine wakiniona wanavuka barabara.

Wewe unayelipa mkopo kwa dhamana ya mtu ili ujenge jina, nisikilize: usimkomoe mtu kwa kuacha kulipa! Utaharibu jina lako na kumla mwenzako kwa mpigo mmoja, tena ukiwa umeketi. Na ukisikia maneno nusu kupitia mlango wa bafu, gonga. Gonga, umwulize, hata kama mnatukanana mpaka asubuhi! Hasira yangu ilikuwa haina mwenyewe, nikamtwika mtu aliyekuwa karibu.

Imenichukua muda mrefu kusafisha jina langu. Siku nilipomaliza, yule mama wa dirishani akaniambia jambo ambalo alikuwa ameombwa asiniambie. Mwezi wa kwanza nilioacha kulipa ulilipwa. Walipompigia kama mdhamini, Mapendo alikuja mwenyewe na noti mkononi, akasema bila shaka yaya amepata shida kazini na anaona haya kusema.