Ililia Kwenye Karanga

Mimi ni fundi simu Kahama, na hakuna kinachoniudhi kama mteja anayeacha mali yake na kupotea. Aliyeleta ndege alipotea hivyo hivyo. Ilikuwa ndege ya kuchezea, ya rimoti, bawa moja limekatika na pua imebonyea. Mwili wake ulikuwa wa lile povu gumu jeupe linalojazwa kwenye boksi la televisheni. Nilichoka kuiona pale mezani, nikaanza kuitengeneza kwa hasira tu.

Bawa nililiunga kwa gundi na kulipitishia vijiti vya mishikaki ndani. Nikaiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mkia ukazama. Ndege inayolemea nyuma hupaa kidogo tu, kisha inaanguka. Nikaongeza nati puani mpaka ikainama mbele kidogo, nikaridhika.

Mjini nyaya ziko kila mahali, kwa hiyo nilikwenda kuijaribu kwa baba, upande wa Mwakitolyo. Ng'ambo ya shamba lake la karanga kuna machimbo. Wachimbaji walimfuata kila mara wakimwomba japo duara moja, yaani shimo la kujaribia dhahabu, naye aliwajibu kwamba karanga anazijua, dhahabu haijui. Nilimpenda sana kwa jibu hilo. Shamba lile ndilo lililotusomesha, na hakuwa na jingine.

Niliirusha kwa mkono, nikiukabili upepo. Ikayumba, ikanyooka, ikapanda! Nilipiga kelele kama mwehu. Ilizunguka juu ya shamba, halafu waya niliouunga vibaya ukaachia, ikadondoka katikati ya karanga. Mota yake ikikosa mawasiliano na rimoti hutoa mlio, pii, pii, pii. Ililia mpaka nilipoifikia na kuchomoa betri.

Mchimbaji mmoja alikuwa amesimamisha baiskeli njiani.

"Dada, imelia?"

"Imelia, kwani hujasikia?" nikamjibu, akili yangu yote ikiwa kwenye bawa.

Kwetu mashine inayopita juu ya udongo na kulia ina maana moja tu: dhahabu. Asubuhi watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa shamba na sululu zao.

"Shikamoo mzee. Mashine ya binti yako imeona mali. Tuchimbe, tugawane."

"Hakuna atakayegusa karanga zangu!" Baba alisimama mbele yao. Niliogopa, maana wale wakianza kuchimba hawazuiliki.

Nikaileta ndege, nikaunganisha betri bila kuwasha rimoti. Ikalia juu ya kinu. Ikalia juu ya banda la kuku. Nikaipeleka juu ya kichwa cha yule wa baiskeli, ikalia.

"Haya, mchimbeni na huyu," nikasema.

Wakaangua kicheko, wakanisonya, wakatawanyika. Baba alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi.

Tulipobaki wawili nilikaa mlangoni nikiviringisha nyaya zangu.

"Mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita kwa Kisukuma, mama. "Kwenye kuku imelia kidogo."

"Ndiyo, baba."

"Kwenye karanga ililia sana."

"Ni kwa sababu nilikuwa mbali, baba. Nilichelewa kuizima."

"Sawa," akasema, akachukua jembe.

Alikwenda moja kwa moja pale pua ya ndege ilipoacha alama. Akaanza kung'oa mashina ya karanga ambazo hazijakomaa, akiyalaza pembeni taratibu, majani yote upande mmoja. Iliniuma sana. Miaka yote ile nilidhani ni msimamo, kumbe alikuwa anajizuia, na mimi ndiye niliyemletea ruhusa.

Nikamwita. Hakugeuka.

"Kidogo tu, mayu," akasema, akainua jembe.