Winchi, Tope na Shikamoo

Nakiri kosa langu ili nyinyi mjifunze bila kuchafuka. Mimi ni fundi wa gereji moja Mbaraki, na mwezi uliopita tajiri wangu aliahidi kunipa usimamizi nikimuuzia Bwana Athmani wa Kuze winchi, ile mashine ya waya inayofungwa mbele ya gari ili ijivute likikwama.

Athmani alinifuata kwa gari lake dogo hadi ufukweni, maji yakiwa yametoka. Nikaizamisha Landrova ya gereji, yenye winchi hiyo, topeni kwa makusudi, kisha nikamweleza polepole. Winchi iweze kuvuta mara moja na nusu ya uzito wa gari. Waya ufungwe kwenye kitu kizito kuliko gari lililokwama. Mti haukuwepo, kwa hiyo nikaufunga waya kwenye gari lake, lililoegeshwa pakavu, madirisha ya nyuma yana pazia.

"Fundi, lakini humo ndani..."

"Subira, bwana wangu. Maswali mwishoni."

Nikabonyeza swichi. Landrova haikutikisika. Gari dogo ndilo lililoanza kuja, taratibu, mpaka magurudumu ya mbele yakazama topeni. Pazia likafunguka, akachungulia mama yake Athmani, amevaa buibui, ametulia kabisa.

"Wewe ndiwe fundi?"

"Ndimi, mama."

"Tangu tufike hukuja kunisalimu. Sasa wanivuta nije kuichukua shikamoo yangu mwenyewe?"

"Shikamoo, mama," nikasema, tope limenifika magotini.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nirudishe juu."

Ilibidi nimweleze, polepole, mbele ya mwanawe, kwamba winchi haisukumi.