Mbeleko Niliyoichemsha

Mwanangu alipotuletea mke kutoka milima ya Laos, mtu wa kabila la Wahmong, nilimkaribisha kwa chai huku nikimwangalia kwa jicho la pembeni. Hapa Kianjokoma tunajuana hadi mbuzi. Huyu nilimjua wapi?

Akapata mimba, na vituko vikaanza. Aliagiza nta ya nyuki kutoka Mbeere, akaiyeyusha kwa jiko langu, akawa anachovya kikalamu cha shaba na kuchora kwenye kitambaa cheupe. Kuchora nini, na hakuna kinachoonekana? Mpaka ukiinue kitambaa dirishani ndipo uone mizunguko, mmoja ndani ya mwingine. Nyuma ya jiko alikuwa ameroweka majani kwenye mtungi, harufu yake Mungu saidia. Nikiuliza, anacheka tu: "Bado, mama." Bado nini?

Jirani yangu naye akanichochea tukiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa. "Mama, huo ni uchawi mchana kweupe." Niliogopa, sitadanganya. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa kwenye tumbo la yule mwanamke.

Basi siku alipoenda kliniki, nilichukua kile kitambaa nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nikatia chumvi, nikaomba kwa sauti. Nta ikaelea juu. Kitambaa kikabaki cheupe pe, nami nikashusha pumzi.

Aliporudi akakiona, alikaa sakafuni. Mwanangu ndiye aliyenieleza. Ilikuwa mbeleko ya mtoto. Yale majani ni rangi ya buluu. Kitambaa hutiwa rangi kwanza, ndipo kichemshwe nta itoke, na palipokuwa na nta panabaki peupe. Mimi nilichemsha kabla ya rangi, nikafuta kazi ya miezi mitatu. Kwao michoro hiyo humlinda mtoto, roho yake isitangetange. Ile mizunguko ni gamba la konokono, alama ya ukoo: katikati ni wazee, halafu watoto, halafu wajukuu.

"Pale katikati alikuchora wewe, mama," akasema.

Ai! Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba mkewe msamaha, akaitikia kwa kichwa.

Mtoto amezaliwa, ana afya, anabebwa kwa leso ya dukani. Mbeleko nyingine haikuchorwa. Nikimchukua mjukuu wangu nitoke naye uani, mama yake huacha sufuria motoni, akaja kusimama mlangoni akiangalia mikono yangu mpaka nimrudishe.