Ishirini ya Kila Mtu

Wodi nzima walimwita Chapuchapu, na jina lenyewe wala hakulichukia. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi, mwembamba, mdomo haukosi neno, na mkono wake ulikuwa mwepesi kweli: mgonjwa anauliza sindano inachomwa lini, kumbe imeshachomwa. Tableti, zile kompyuta za mkononi, zilipoletwa kuchukua nafasi ya mafaili, wenzake walizishika kwa woga, kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu. Yeye aliibeba yake kama sufuria. Haukupita muda akawa anawafundisha wengine huku akiwatania, "Bonyeza, dada, haing'ati!" Matroni akamteua rasmi awe mwalimu wa mfumo mpya. Ukisema hakuvimba kichwa, utakuwa unamsingizia.

Sasa, lipo jambo ambalo wauguzi wa pale hawakupenda kulisema mbele ya wageni. Kati ya vipimo vya kila asubuhi kuna pumzi: mgonjwa anapumua mara ngapi kwa dakika. Joto lina kipimo chake, presha ina mashine yake, lakini pumzi wodini kwao haikuwa na mashine. Ni usimame, umtazame mtu kifua, uhesabu dakika nzima. Haya, nani anayo hiyo dakika, na wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido? Basi tangu enzi za karatasi wakawa wanaandika ishirini. Mzee, ishirini. Kijana, ishirini. Anayekoroma na anayelalamika, wote ishirini. Na karatasi ilivumilia, maana namba ile ililala pale tu. Aliyeamua daktari aitwe au asiitwe ni muuguzi kwa macho yake, na macho ya Chapuchapu hayakuwa na mchezo.

Kwenye tableti akafundisha vilevile. Ukiacha ile nafasi wazi, mfumo unagoma kuendelea. "Weka ishirini, twende," akawaambia, na wenzake wakacheka na kuweka.

Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba tableti haikuwa karatasi. Ilivichukua vipimo vyote, ikavijumlisha, ikampa kila mgonjwa rangi. Kijani, hana neno. Njano, mtazame. Nyekundu, kimbia. Na daktari, aliyekuwa mmoja kwa wodi kadhaa, alianzia kwa wekundu kwa sababu huko ndiko alikoambiwa aanzie.

Kwenye kitanda cha karibu na mlango alilala fundi cherehani, mama wa makamo aliyepasuliwa tumbo siku chache nyuma. Maumivu hayakumzuia kukagua sare za watu. "Sista, aliyekushonea hiyo kola mlikuwa mmegombana?" Chapuchapu alimpenda kwa hilo. Asubuhi ile alimpima kama kawaida: joto zuri, presha nzuri, ishirini. Kijani.

Alipopita tena kugawa dawa, fundi hakusema kitu kuhusu kola ya mtu yeyote. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Mama, vipi?"

"Nime... choka... tu."

Chapuchapu akapiga simu palepale. "Daktari, njoo umwone fundi wetu, hali yake siipendi."

"Nina wekundu wawili huku, sista. Huyo kwangu ni kijani kabisa. Nikimaliza nakuja."

Hasira zikampanda. Mara hii mtu anaamini rangi kuliko muuguzi aliyesimama kitandani! Akaishika tableti ili amsomee vipimo kimoja kimoja, na hapo akaiona ile ishirini. Yake mwenyewe, aliyoiweka akiwa ameshageukia kitanda kinachofuata. Akamwambia daktari asikate simu, akatazama saa ya ukutani, akahesabu. Hakukumbuka mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa lini.

"Daktari, namba ile ni ya uongo. Niliiweka mimi bila kuhesabu. Anapumua thelathini na sita."

"Nakuja," daktari akasema, na alikuja mbio.

Mapafu yalikuwa yameanza kuelemewa. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma dawa, wakamhamishia chumba cha uangalizi wa karibu. Kufikia saa ya kuona wagonjwa fundi alikuwa amelala, barakoa usoni, kifua kimetulia. Mumewe alipofika alimkamata Chapuchapu mikono yote miwili.

"Sista, sijui nikushukuru vipi. Daktari kasema wewe ndiye uliyemwita."

Kumbe daktari hakusema yaliyobaki. Ilikuwa rahisi mno kuitikia na kuondoka. Lakini shukrani ile ilimchoma, akaona akiipokea hataweza kumtazama tena yule mama usoni.

"Kaa kwanza, baba," akasema. Akamweleza yote: namba, rangi, na muda uliopotea kwa sababu yake. Hakutafuta pa kujificha.

Mwanamume yule akaiachia mikono ya Chapuchapu taratibu. Hakufoka. Alimtazama mkewe, kisha akauliza, "Na wale wengine kule wodini, wao mliwahesabu?"

Chapuchapu aliaga kwa kichwa, akarudi wodini karibu akikimbia. Akafungua tableti. Wodi nzima ilikuwa ya kijani, kitanda hadi kitanda, na kila mtu alikuwa na ishirini yake. Wenzake wote walikuwa wamefuata alichowafundisha. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa.

Akavuta kiti hadi kitanda cha kwanza, akaketi, akahesabu. Kumi na nane. Akafuta, akaandika. Muuguzi mwenzake akamuuliza anafanya nini, kazi zote hizi zinamngoja. "Anzia upande ule," akamjibu. "Dakika nzima kwa kila mtu. Tuliyoandika asubuhi, yasahau."

Cha pili, kumi na sita. Cha tatu, ishirini na mbili. Kwenye kitanda cha nne alihesabu, akahesabu tena, halafu akachukua simu.

"Daktari," akasema, "yupo mwingine."