Hodi kwa Kompyuta

Kwetu Igamba, ukifika kwa watu unasimama pale mibuni inapoishia, unapiga hodi. Usipojibiwa hupandishi sauti. Unangoja kidogo, unapiga tena, kwa adabu zaidi. Bibi alikuwa akisema anayeondoka baada ya hodi moja hakuwa na haja ya kuja.

Adabu hiyo nilikwenda nayo Chapwa, chuoni, kusomea kompyuta. Huko kila kitu changu kilinitia aibu: viatu, lafudhi ya Kinyiha, hata vidole vilivyotafuta herufi kama kuku anayedonoa. Aliyenistahi alikuwa mmoja tu, msichana wa Tunduma mjini niliyekaa naye chumba kimoja. Mama yake aliuza vitenge kwa Wazambia, na mdomo alimrithi yeye. Wenzetu waliponikwepa, yeye aliniingiza kwenye kundi lake la mradi, na kazi karibu yote akaifanya mwenyewe. Somo hilo alikuwa amelifeli mwaka uliotangulia. Akilifeli tena, chuo basi, anarudi sokoni kwa mama yake.

Siku ya kuonyesha mradi niliwahi maabara ili nifute mazoezi yangu yasituchafulie folda. Tulikuwa tunajifunza kutumia kioo cheusi, kisicho na picha wala mshale, unaandika amri tu. Nikaandika cd .. ili nitoke kwenye folda ya ndani nipande ya juu yake. Kioo kikanyamaza. Hakuna ndiyo, hakuna siyo, alama ya dola tu, pale pa kuandikia amri, inanikodolea. Nikangoja. Nikaandika tena, taratibu. Kimya. Nikaandika tena. Kisha nikaandika rm -r * kufuta vyote vilivyomo. Kimya vilevile. Nikairudia, na hapo ndipo kompyuta iliponijibu, kwa Kiingereza, kwamba kitu hicho hakipo. Nilifurahi jamani! Nilijiona nimekaribishwa ndani.

Kumbe hodi zangu zote zilikuwa zimesikika. Nilikuwa nimepanda, ngazi moja kwa kila hodi, mpaka folda ya kundi zima, nikaufuta mradi. Nakala hatukuwa nayo, maana flashi zilikatazwa maabara kwa sababu ya virusi.

Mwalimu alibonyeza kitufe, amri zangu zikajitokeza moja moja mbele ya darasa.

"Binti, mbona umerudia rudia hivi?"

"Nilidhani haijanisikia, mwalimu."

Walicheka mpaka wengine wakagonga meza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ikinyamaza ujue imekubali," mwalimu alisema. "Haitaki kubembelezwa."

Rafiki yangu hakucheka. Yeye, na mdomo wake wote ule, alisimama anakitazama kile kioo kitupu, halafu akatoka.

Jioni nilimkuta chumbani anakunja nguo. Nilipiga magoti kama tunavyofanya kwetu, nikamwambia, "Nisamehe, dada."

Alinyamaza. Aliendelea kukunja, kitenge juu ya kitenge. Nilingoja. Maneno yalikuwa mdomoni, magoti bado yako sakafuni, lakini kile kicheko cha darasani kilikuwa hakijanitoka masikioni. Niliona haya kuomba mara ya pili. Nikainuka, nikapanda kitandani, nikageukia ukutani na kujiambia kwamba akinyamaza amekubali.

Asubuhi kitandani kwake lilikuwa limebaki godoro tupu.